Dume wa Jirani, Ndugu wa Jike Wako

Mtoto wa jirani alimtoa Pamba kwenye katoni ya mafuta ya kupikia akamweka juu ya meza yangu ya nje. Sungura mweupe, macho mekundu, mwepesi kuliko umri wake. Kabla sijamgusa niliyaona meno. Mawili ya chini yalikuwa yametokeza mbele ya mdomo na kupinda kuelekea puani, ncha zake zimebadilika rangi kuwa ya chai. Ya juu yalikuwa yamejikunja kuingia ndani, na moja lilikuwa limeanza kuchoma nyama ya kinywa. Manyoya ya kidevu yalikuwa yameloa mate.

Nilimpa kipande cha karoti. Alikinusa, akakisukuma kwa pua, akajaribu kukikamata kwa pembe ya mdomo, kikaanguka. Akajaribu tena. Njaa alikuwa nayo. Nilipolikatakata jani la sukuma wiki vipande vyembamba, alikivuta kimoja kwa ulimi na kukitafuna pole pole kwa magego.

"Anti, ni mgonjwa?"

"Ana miezi mingapi?"

"Mitatu. Anaingia wa nne."

"Baba yake na mama yake mliwatoa wapi?"

"Sokoni. Baba aliwanunua wote siku moja. Walikuwa kwa kikapu kimoja."

Kikapu kimoja.

Nimefuga sungura hapa Lanet muda mrefu kiasi kwamba watoto wa mtaa hunijia na maswali kama haya, na mara nyingi huwa nina jibu. Siku hiyo nilikuwa nalo pia. Kilichonisumbua kwa wiki kadhaa baadaye ni maswali yaliyofuata jibu hilo.

Meno yasiyokutana

Aliyewahi kufuga anajua kwamba meno ya mbele ya sungura hayaachi kukua. Kwa mwaka hukua zaidi ya sentimita 10. Kinachoyaweka sawa ni kukutana: la juu hulisaga la chini na la chini hulisaga la juu kila mnyama anapokula. Taya likiwa fupi au refu kupita kiasi, meno hupishana, na kuanzia hapo hakuna cha kuyapunguza.

Kupishana huko kuna njia mbili za kutokea. Sungura mkubwa anaweza kuanguka au kuuma waya wa kizimba mpaka jino likapinda. Huyo ni ajali. Lakini anapokuwa mtoto wa wiki chache tu, hana jeraha, na meno tayari hayakutani, macho yanageukia wazazi. Kasoro hii hurithiwa kwa kujificha. Baba anaweza kuwa na nakala moja ya jeni, yaani chembe ya urithi, yenye hitilafu na nyingine nzima, na meno yake yakawa safi kabisa. Mama vivyo hivyo. Mtoto anayepokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili ndiye anayeumia.

Na ni nani walio na uwezekano mkubwa wa kubeba nakala mbovu ileile? Ndugu wa tumbo moja.

Nilimuuliza mtoto habari za wale wengine waliozaliwa pamoja na Pamba. Wawili walikufa kabla ya kufungua macho. Mmoja mguu wake wa nyuma ulitanuka pembeni, hakuweza kusimama. Hapo nilijizuia. Mguu wa kutanuka unaweza kuwa wa urithi, lakini sakafu ya utelezi nayo huuleta, na vitoto kufa kwenye kiota kunaweza kusababishwa na baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba na uhaba wa manyoya ya mama. Sipendi kumbebesha mnyama au mfugaji lawama kwa kubahatisha. Meno, hata hivyo, yalikuwa mbele yangu.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Aliyasaga kwa kifaa kidogo cha kuzunguka, wala hakuyakata kwa koleo, kwa sababu jino likikatwa kwa koleo linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi. Alituambia yatarudi baada ya wiki chache. Ama yasagwe maisha yake yote, ama yang'olewe kabisa yale ya mbele, kwani sungura anaweza kuishi vizuri bila hayo iwapo chakula chake kitakatwakatwa.

Mtoto aliuliza swali moja tu: je, Pamba anaweza kuzaa? Daktari akanitazama mimi.

Robo

Nilimjibu kwamba Pamba atakuwa rafiki yake wa nyumbani, hatazaa. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Baba yake ndiye aliyekuwa na shaka. Alisema, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba kuku wa kijijini kwao wamekuwa wakizaana ndugu kwa ndugu tangu enzi za babu yake na bado wanataga.

Hoja yake inastahili hesabu, kwa hiyo tuifanye.

Ndugu wa baba na mama mmoja wakizaa, mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 25, katika kila sehemu ya urithi wake, wa kuwa na nakala mbili za kitu kilekile kilichotoka kwa babu mmoja au bibi mmoja. Baba na binti yake wakizaa, ni 25 vilevile. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti ni 12.5. Sasa chukua wale watoto wa ndugu, uwazalishe wao kwa wao: 37.5. Rudia tena: 50. Jike wa sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi na anaweza kuzalishwa akiwa na miezi mitano. Kwa hiyo vizazi hivyo vitatu vinakamilika katika muda usiofika miaka miwili, kizimbani, nyuma ya jikoni, bila mtu yeyote kukusudia lolote.

Hesabu hii tuliachiwa na Sewall Wright, Mmarekani aliyefanya kazi katika idara ya kilimo ya nchi yake mwanzoni mwa karne iliyopita. Alirithi hapo kundi la simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, waliokuwa wamezalishwa ndugu kwa ndugu tangu mwaka wa 1906. Alichokiona katika kumbukumbu zao ndicho wafugaji wengi tunakiona bila kukiandika: familia zilipungukiwa na watoto kwa kila uzao, watoto walizaliwa wepesi, wengi wakafa. Familia hazikudhoofika kwa namna moja. Moja ilipoteza hiki, nyingine ikapoteza kile. Alipozichanganya, nguvu ikarudi.

Nguvu ikarudi. Sentensi hiyo ndiyo iliyonituma kutafuta dume mpya.

Mzee wa Njoro

Kabla ya kumpata nilikwenda kwanza Njoro kumwona mzee ambaye sungura wake aina ya California ni wazuri kuliko wote ninaowajua katika kaunti hii. Weupe wa mwili, weusi wa pua, masikio, miguu na mkia, kila mmoja sawa na mwenzake. Nilijua anazalisha kwa damu ya karibu. Nilitaka kusikia kutoka kwake.

Hakuzunguka. "Mama, ukitaka sungura wanaofanana, lazima uwarudishe kwa baba yao. Aina zote unazoziona zilitengenezwa hivyo."

Nikamweleza kuhusu meno ya Pamba.

"Damu ya karibu haileti ugonjwa," akasema. "Inauonyesha. Ugonjwa ulikuwemo. Mimi nikiuona, mnyama huyo anaingia kwenye sufuria, na wazazi wake hawazai tena pamoja. Baada ya miaka, unabaki na walio safi. Wewe unayechanganya kila mwaka unauficha tu. Unawauzia watu ugonjwa uliofunikwa."

Nilirudi nyumbani kwa matatu nikiwa sina la kumjibu, na kwa siku kadhaa nilidhani mjadala umekwisha na yeye ndiye mshindi. Maana hoja yake ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Kuzalisha ndugu hakuumbi kasoro mpya, hukutanisha zilizojificha. Na wapo wanyama walioupita mlango huo mwembamba wakatoka upande wa pili. Huko Chillingham, kaskazini mwa Uingereza, kuna ng'ombe weupe wa mwituni waliozungushiwa ukuta na kuzaana wenyewe kwa karne kadhaa. Baridi kali ya mwaka wa 1947 iliwabakisha 13 tu. Wapo hadi leo. Karibu hamster wote wa dhahabu, wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaofugwa majumbani Ulaya na Marekani, walianza na familia moja iliyochimbwa kwenye shimo karibu na Aleppo, Syria, mwaka wa 1930.

Basi kwa nini tuhangaike?

Jibu lilinijia nikiwa nasafisha masanduku ya kuzalia na kupitia daftari langu la miaka iliyopita. Kisu cha mzee kinafanya kazi pale palipo na mkosaji. Meno yanaonekana. Mguu unaonekana. Lakini majike wanaozaa watoto watano badala ya wanane, utamchinja nani? Dume ambaye mbegu zake zimepungua nguvu, vitoto vinavyopona harara ya masikio mwezi mmoja baada ya wenzao, jike anayekataa kunyonyesha: hakuna hata mmoja wao aliye na kasoro ya kuonyesha kwa kidole. Wamefifia kidogo kidogo, wote kwa pamoja, na mfugaji husema tu kwamba mwaka huu haukuwa mzuri.

Na Chillingham? Tunawataja kwa sababu wamebaki. Makundi yaliyojaribu safari hiyohiyo yakaishia njiani hayana mtu wa kuyasimulia.

Kuna jambo lingine ambalo mzee hakulisema, labda kwa sababu kwake ni la kawaida mno. Yeye anaandika. Kila sungura ana namba sikioni na ukurasa katika kitabu. Ana vizimba vingi, anaweza kuwaondoa wengi na kubaki na wengi. Mtoto wa jirani yangu ana kizimba kimoja cha mbao za mabaki na sungura wawili waliotoka kwenye kikapu kimoja. Njia ya mzee mikononi mwa mtoto huyo si ufugaji wa damu ya karibu. Ni bahati nasibu.

Damu mpya ya kuzunguka

Nikaanza kutafuta dume asiye na undugu na sungura wa mtaa wetu. Niliuliza Bahati, nikauliza Rongai, nikapiga simu Molo. Kila mahali niliambiwa jambo lilelile: huyu ni damu mpya kabisa, hana uhusiano na wa huku kwenu.

Kila mara niliuliza swali la pili. Wewe ulimtoa wapi?

Dume wa Bahati alikuwa wa shemeji yake, ambaye alimnunua kwa mfugaji wa Subukia. Yule wa Rongai alibadilishwa na mbuzi, kutoka kwa mwanamke aliyemtoa kwa mfugaji huyohuyo wa Subukia. Wa Molo alikuwa mjukuu wa dume aliyeazimwa kutoka Lanet. Kutoka kwetu. Na mwenye mnyama alipozungumza zaidi nikagundua kwamba dume huyo aliyeazimwa ni mtoto wa dume aliyewahi kupita kwenye kizimba cha jirani yangu wa nyuma, aliyemtoa… Subukia.

Mfugaji huyo hakukosea lolote. Wakati ule sungura walipokuwa wimbo wa kila kikundi cha kina mama na vijana, alinunua wachache wazuri, akazalisha, akauza. Watu wakanunua kwa sababu walikuwa wazuri. Kisha sisi kwa sisi tukaazimana madume kwa ujirani mwema, kila mmoja akiamini anakwepa undugu kwa kuvuka barabara.

Turudi kwa Wright, maana ana hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Chukua idadi ya madume, zidisha kwa idadi ya majike, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya wote. Jibu hukuambia kundi lako lina uzito wa wanyama wangapi katika kutunza urithi. Dume 1 na majike 10: 40 gawanya kwa 11. Ni 3.6. Sungura kumi na mmoja wanahesabika kama hawafiki wanne. Ongeza majike mpaka wawe 100 kwa dume huyo mmoja, na jibu bado halifiki 4.

Mtaa mzima wenye dume mmoja wa kuazimana ni kizimba kimoja chenye malango mengi.

Mimi ni mzaliwa wa Kakamega. Kwetu, kijana akileta habari ya msichana, kabla ya jina lake, kabla ya kazi yake, bibi huuliza ukoo. Ukoo wa baba, kisha ukoo wa mama. Kukiwa na mkutano wowote wa damu, hata wa mbali, mazungumzo yanafungwa hapo. Wajaluo wa Kisumu nao wana mwiko huo. Tuna elimu hiyo yote vichwani, tumeirithi bila darasa, halafu tunakwenda sokoni, tunanunua dume na jike kwenye kikapu kimoja, hatuulizi chochote.

Nyoka na korongo

Katika kusoma kwangu nilikutana na habari iliyonishika kuliko zote, na inahusu nyoka. Kusini mwa Uswidi, mahali paitwapo Smygehuk, kuna ukanda wa nyasi kando ya bahari wenye nyoka wa jamii ya kifutu. Mashamba yaliwatenga na wenzao. Nyoka hao huzaa watoto hai badala ya kutaga, na watafiti wakiongozwa na Thomas Madsen waliona uzao wao ukijaa watoto waliokufa tumboni na wenye ulemavu. Idadi ikaporomoka. Mwaka wa 1992 wakaleta madume 20 kutoka mahali pengine, wakawaacha kwa misimu minne ya kupandana, kisha wakawaondoa wale waliobaki. Miaka michache baadaye nyoka vijana walikuwa wameongezeka kwa namna ambayo haikuwa imeonekana hapo tangu utafiti uanze.

Wafugaji wa nyoka wadogo waitwao garter huko Marekani na Ulaya wanalijua tatizo hili kwa upande wake wa pili. Akipatikana mmoja mwenye rangi ya ajabu, huzalishwa na ndugu au wazazi ili rangi hiyo iliyojificha itokeze. Rangi hutoka, na pamoja nayo hutoka vingine vilivyokuwa vimejificha. Ni mambo ya mzee wa Njoro kabisa, tofauti ni mnyama tu.

Nikafikiria Ruma. Kule bonde la Lambwe, Homa Bay, ndiko waliko korongo wa mwisho wa Kenya, wale swala wakubwa wenye uso wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Hifadhi ilianzishwa mwaka wa 1966 kwa ajili yao. Wamebaki wachache sana, na katika nchi hii hakuna bonde jingine la kwenda kuazima dume. Mimi nina nafasi ambayo walinzi wa Ruma hawana: naweza kupanda gari.

Nyumba tatu

Dume nilimpata Kitale, kwa mfugaji ambaye wanyama wake hawakupitia Subukia. Alinionyesha daftari lenye vizazi vinne. Niliangalia meno yake, meno ya dada zake, na ya mama yake, kwa kuinua mdomo wa kila mmoja kwa kidole gumba. Nikaangalia ndani ya masikio kama kuna magamba ya upele. Hata hivyo nilimtenga peke yake kwa wiki kadhaa kabla hajawaona wengine, maana damu mpya huja na kupe wake, na mzee ana haki kuhusu hili: dume mgeni naye anabeba vitu vilivyojificha ambavyo sivijui.

Sasa majike wangu nimewagawa katika nyumba tatu. Mabinti wanabaki nyumba ya mama yao. Vijana wa kiume wa nyumba ya kwanza wanazalisha ya pili, wa pili wanazalisha ya tatu, wa tatu wanarudi ya kwanza. Hakuna anayezalisha kwao. Mpango huu hauhitaji kompyuta. Unahitaji namba sikioni na mtu anayeandika siku hiyohiyo, si Jumapili ijayo. Wenzangu wawili wa Bahati wamekubali kushika nyumba moja kila mmoja, ili ugonjwa ukiingia kwangu tusipoteze zote.

Na siuzi tena jozi. Mtu akitaka dume na jike, namuuzia mmoja na kumpa namba ya simu ya mwenzangu kwa ajili ya wa pili. Wengine wanakasirika. Mmoja aliniambia ninamzungusha kwa shilingi mia chache za sungura, na akaenda kununua sokoni. Bado sijapata maneno ya kumzuia mtu wa aina hiyo, hasa yule aliyebeba mtoto anayelia akitaka sungura leo.

Kila sungura anayeondoka kwangu anaondoka na karatasi: namba yake, baba, mama, babu wote wawili, siku aliyozaliwa, na walizaliwa wangapi na kubaki wangapi. Hicho cha mwisho ndicho wauzaji huwa hawasemi, na ndicho ningemshauri mnunuzi aulize kwanza.

Mzee wa Njoro nilimpelekea nakala. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema hatabadilisha anavyofuga, na mimi sikumwomba abadilishe. Anataka majike wawili wa uzao wa Kitale wazalishwe na dume wake, aone kitatoka nini. Nimekubali kwa sharti kwamba watoto wote wataandikwa, hata watakaoingia kwenye sufuria. Tumebishana kuhusu nani atashika daftari, na mpaka leo hatujaafikiana.